Rezevwari ya zamani ndani ya plafo: tuishushe siku paa iko wazi

(Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja, mwanachama wetu, kwenye mkutano wa wanachama hapa Kalemie. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tukipunguza tu marudio.)



Komite iliniomba niseme juu ya rezevwari. Vijana waliokulia Tanzania, kule Lugufu na Nyarugusu, wanasema "tangi iko kwenye dari". Sisi wazee tunasema rezevwari iko kwenye plafo. Ni kitu kimoja, musigombane juu ya jina.

Sababu ya kusema munaijua. Chama kimepata makuta ya manjanja kwa nyumba za wanachama, na baadhi ya nyumba hizo ni zile za zamani, za wakati mji huu ulikuwa ungali unaitwa Albertville. Nimepanda ndani ya plafo za nyumba hizo, moja moja. Nimekuta rezevwari nne za chuma na moja ya eterniti. Mbili kati yake zingali na maji. Chini ya moja kuko kitanda, na watoto watatu wanalala pale. Nilipouliza, nikajibiwa: "Baba, iko tu pale tangu zamani, haijafanya kitu." Ni kweli, haijafanya kitu. Hata mti uliooza haufanyi kitu mpaka siku unaanguka.

Kwa hiyo ombi langu nalitoa mapema, ili mtu akitoka kujibu telefone awe amelisikia: tusifunge paa mpya juu ya rezevwari ya zamani. Siku ile manjanja ya zamani yameshuka na ya mpya hayajapanda, hiyo ndiyo siku ya kuitoa. Tukiiacha siku hiyo ipite, itabidi tufanye kazi ileile gizani, ndani ya kitundu kidogo, kwa hatari kubwa zaidi na kwa makuta mengi zaidi.

Sasa, kwa nini wazungu waliweka maji juu ya vichwa vya watu? Mji huu ulikua kwa sababu ya reli. Njia ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na wakubwa wa reli na wa bandari walijengewa nyumba zenye bafu, choo cha ndani na robine jikoni. Maji ya bomba hayana nguvu sawasawa kutwa nzima. Ukiweka rezevwari juu, usiku watu wamelala maji yanapanda polepole na kuijaza. Asubuhi yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Ile mpira inayoelea ndani inafunga maji wakati imejaa. Na ile tiyo ndogo inayotokeza nje ya ukuta, juu kabisa, ni ya kumwaga maji yakizidi. Watoto wa siku hizi wanafikiri iliwekwa ili ndege wajenge humo. Ilikuwa akili nzuri. Lakini ilikuwa akili ya nyumba yenye fundi wa kupita kila mara kuangalia, na fundi huyo aliacha kupita tangu wengi wenu hamujazaliwa.

Jambo la rezevwari hizi ni kwamba ziliwekwa mbele ya paa kufungwa. Ndiyo maana munasimama chini ya kitundu cha plafo, cha sentimeta 60, munatazama kitu cha meta nzima, na kujiuliza kilipita wapi. Hakikupita. Nyumba ilijengwa ikikizunguka.

Tusemee uzito, juu watu wengi wanaudharau. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja. Rezevwari ya meta moja kwa meta moja kwa meta moja inabeba lita 1,000, ndiyo tani moja. Tani moja ni mifuko 20 ya simenti. Nani kati yetu angekubali mtu apandishe mifuko 20 ya simenti ndani ya plafo, aipange juu ya kitanda cha mtoto, kiisha aseme "lala salama"? Na chuma chenyewe, bila hata tone la maji: bati la unene wa milimeta 3 ni karibu kilo 23 na nusu kwa kila meta mraba. Sehemu ya chini na pande nne zinafika karibu kilo 120. Ongeza kifuniko. Kilo 120 wanaume wane wanaziinua vizuri chini kwenye uwanja. Ndani ya plafo, wameinama, mguu mmoja kwenye mti na mwingine hauna pa kukanyaga, ni habari nyingine kabisa.

Na tukumbuke tunaishi kando ya ziwa linalotikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 lilipiga. Hapa Kalemie nyumba zilianguka na watu walikufa. Wengi wenu mulikuwa ungali ng'ambo, upande wa Kigoma, hamukuyaona ya hapa. Angalieni mama anayetembea na beseni la maji kichwani: akijikwaa kidogo, maji yanapiga huku na huku, yanamvuta hata yeye. Ndivyo rezevwari iliyojaa inavyofanya na ukuta wa zamani.

Kuko wanaosema: maji ni shida, rezevwari iko bure, tuijaze tena. Nawaelewa. Anayeamka saa tisa ya usiku kukinga maji kwenye robine hawezi kufurahi kuona chombo cha lita 1,000 kinakaa bure. Lakini mimi nimechungulia ndani. Kuko tope la kutu la kimo cha vidole vinne, kuko popo waliokufa, panya, na mayai ya mbu. Kuta za ndani za moja zimepakwa rangi nyekundu ya minium. Ile rangi ina risasi ndani yake, ile risasi ya betri, na risasi inaharibu akili ya mtoto polepole, hata bila kumuumiza tumbo. Na kipindupindu, hapa kwetu Kalemie, si mgeni wa kutangazwa. Maji yaliyolala kwenye chombo kisichooshwa wala kufunikwa yanatuuza sisi wenyewe. Hapana. Chombo cha kuweka maji kiwe kipya, cha plastiki, chenye kifuniko, kiwe chini kwenye msingi wa matofali, mahali mama anaweza kukifungua na kukisugua. Na msingi huo maso aujenge kweli, juu tani moja ni tani moja hata ikiwa chini.

Kiisha kuko wale wa upande wa pili, wanaotaka kila rezevwari ishuke kesho. Hao pia nawapinga kidogo. Rezevwari isiyo na maji, iliyokatwa tiyo zake, na miti iliyo chini yake ikiwa mizima, inaweza kukaa. Imekaa miaka 60, haitaanguka kwa sababu sisi tumerudi. Ikiwa paa ya nyumba hiyo ingali nzuri na haibadilishwi sasa, mimi nasema: toa maji, kata tiyo, toboa tundu kubwa kwenye sehemu ya chini ili mtu mwingine asije akaijaza, na uiache. Hiyo si uvivu. Kupandisha vijana wanne kupigana na chuma ndani ya plafo nzima, kwa sababu tu hatupendi kukiona, huo ndio ujinga.

Namna ya kujua miti kama ni mizima: chukua kisu, choma mti pale uliposhika rezevwari, hasa upande wa tiyo, ndiko maji yanakovujia. Kisu kikikataa, sawa. Kikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, shuka polepole, hamisha vitanda vya chumba cha chini, funga mlango wa chumba hicho, na uite seremala mbele ya kumwita plombye. Atasimamisha nguzo chini ya miti ile. Mchwa wa kwetu anakula ndani na kuacha ngozi, kwa macho huwezi kujua.

Sasa kazi yenyewe. Maji kwanza. Funga kwenye kompteri. Kama vana ya pale imekufa, na mara nyingi imekufa, itakubidi kukata tiyo inayopanda na kuifunga kwa bushoni. Jaribuni kufungua robine zote za chini, maji mengi yatashuka yenyewe. Lakini hayaishi! Tundu la kutokea maji linakaa juu kidogo ya sehemu ya chini, ili tope lisiingie kwenye robine. Sentimeta 5 tu za maji yaliyobaki, kwenye rezevwari ya meta moja kwa meta moja, ni lita 50. Hizo zikimwagika ghafula plafo inaanguka nazo. Tieni mpira, mujaze ule mpira maji kwanza kwenye ndoo, mufunge ncha kwa kidole, mushushe ncha moja nje ya nyumba, maji yatajivuta. Kuvuta kwa mdomo, hapana. Nimewaambia kilicho ndani. Mabaki yanatoka kwa kopo na kitambaa. Tope liwekwe kwenye mfuko, lisimwagwe kwenye bustani ya lengalenga.

Mbele ya mtu kuingiza kichwa ndani, kifuniko kikae wazi muda mrefu. Chuma kikishika kutu ndani ya chombo kilichofungwa, kinakula ile hewa tunayoivuta. Mtu anaingia akicheka, anaishiwa nguvu bila kusikia harufu yoyote. Na mtu asiingie mwili mzima. Kwa kazi yetu hakuna haja.

Tiyo za zamani musizizungushe kwa kle kwa nguvu za ujana. Kutu imezishikanisha; ukizungusha juu, inavunjika ndani ya ukuta, huko usikoona, na utajua baada ya wiki mbili ukuta ukilowa. Kateni kwa msumeno wa chuma, karibu na rezevwari. Kuhusu kuran: zimeni kwenye kontori, si kwenye swichi ya chumba. Zile nyuzi za zamani zenye ngozi ya kitambaa zinapita hapohapo juu, na mikono yenu imelowa. Kanyageni juu ya miti tu, muweke ubao mrefu. Plafo haibebi mtu. Hilo mafundi wengi wamelijifunza wakiwa tayari wako sebuleni.

Halafu vumbi. Mavi ya popo yakiwa makavu na kupeperushwa yanaingia kwenye mapafu na kuleta ugonjwa. Yanyunyizieni maji kidogo mbele ya kuyakusanya.

Ikiwa paa imefunguliwa, hatua ya mwisho ni fupi: kamba mbili, mbao mbili ndefu za kutelezesha, watu wane juu na watatu chini, mtu mmoja tu wa kutoa amri. Mmoja. Wakisema wawili, kamba moja inalegea. Watoto na majirani wakae mbali, maana rezevwari inaposhuka mtaa mzima unakuja kuangalia. Ikiwa paa imefungwa, sherti kukata vipande ndani ya plafo. Msumeno wa mkono ni wa taabu, lakini hauchomi nyumba. Mashini ya kukatia inarusha cheche kwenye mbao kavu na viota vya ndege. Anayeitumia awe na ndoo ya maji na ndoo ya mchanga pembeni, na akimaliza asiende nyumbani. Abaki saa nzima akinusa. Kuunguza kwa gazi ao kwa posti ya kusudia, nakataa kabisa. Rezevwari hizi zimepakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na jioni fundi anatetemeka kwa homa, anakunywa dawa ya malaria bure, kumbe ni moshi.

Ya eterniti nimeiacha peke yake, juu ni hatari ya aina nyingine. Munaijua: rangi ya kijivu kama simenti, ukiigonga haiimbi kama chuma, na pale ilipovunjika munaona nyuzinyuzi kama za katani. Nyuzi hizo ni amianti. Paa nyingi za zamani ni za kitu hichohicho. Ikikaa nzima haina neno. Ukiivunja, ukiikata ao kuisugua, nyuzi ambazo jicho halizioni zinapanda hewani, zinaingia kwenye mapafu, na hazitoki. Ugonjwa wake unakuja baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kijana atakayeivunja kwa nyundo kesho ataugua akiwa na wajukuu, na hakuna atakayekumbuka rezevwari. Nchi zote za Umoja wa Ulaya zimeikataza tangu 2005. Wafadhili wetu wanajua kule kwao kazi hiyo inafanywa na watu waliovaa nguo za kutupwa. Sisi hatuna nguo hizo, lakini maji tunayo: ilowesheni yote, kwa maji yenye sabuni kidogo, ishuke nzima, bila mashini, bila nyundo. Izungushieni plastiki nene mara mbili, ifukiwe mbali na mashamba na kisima. Maski ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Zitafutwe zile za mafundi zinazobana uso, ao kazi isifanyike. Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani, zisifuliwe pamoja na za watoto. Na tafadhali, wamama: vipande vya eterniti si vya kuzungushia bustani, wala si jiwe la kusugulia miguu. Nimeyaona yote mawili.

Sasa neno linalochoma. Chuma kinauzwa. Wanunuzi wa vyuma wanapita mtaani na mizani, na kilo 120 si kitu kidogo kwa mtu aliyerudi na mfuko mmoja. Ya nani? Ya mwenye nyumba. Fundi analipwa kazi yake, chama hakichukui kitu, mpangaji asiuze. Lakini kuko nyumba moja kati ya tano ambayo mwanachama wetu alikuta watu wengine ndani aliporudi, na maneno yake yangali kwa sefu wa mtaa. Nyumba hiyo tusiiguse. Hata kama mwanachama wetu ana haki, siku tutakayoshusha chuma kutoka nyumba yenye mabishano, tutaitwa wezi, na karatasi zake zote zitakuwa chini ya neno hilo. Tunachoweza, na nimeongea na pande zote mbili wakakubali, ni kutoa maji tu. Wanaolala pale chini ni watoto. Watoto wa upande gani, mimi sikuuliza.

Kwa wafadhili nasema waziwazi. Makuta muliyotuma yameandikwa "manjanja na misumari". Tunaomba mukubali sehemu ndogo yake ilipe pia siku moja ya vibarua saba kwa kila nyumba, kamba mbili nzuri, plastiki nene, na maski kwa ile ya eterniti. Komite itawaandikia hesabu yake kando. Bila ruhusa yenu hatutageuza hata franka moja, lakini mujue pia kwamba paa ya kwanza inafunguliwa mwezi ujao, na kama jibu halijafika itabidi tuchague kati ya kuingoja ama kuifunga na chuma ndani.

Mama mmoja ameniuliza hapa, mbele sijakaa chini, kama anaweza kuhamisha watoto wale kwanza na kungoja. Ndiyo, Mama, leo hii. Kitanda kiende upande wa mlango, mbali na ukuta wa bafu. Mimi na vijana wawili tutapita kesho asubuhi kutoa maji. Tuandalieni ndoo na mpira kama uko. Ngazi ya chama iko kwa Mama Muweka-sanduku. Anayeichukua aandike jina, juu mara ya mwisho ilirudi na vidato viwili pungufu.